Kutoka Kisauni hadi Ziwa Turkana kwa kukatiza Jangwa la Chalbi: safari ya familia yetu na Babu aliyewahi kuendesha lori la Moyale

Bint Kisauni (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, assalaam alaykum na salamu za heri kwa wote. Nimekuwa msomaji wa nyuzi za safari kwa miaka mingi bila kuandika, na sasa nina deni la kulipa. Kabla hatujaondoka Mombasa mwezi wa Agosti nilitafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu njia ya kutoka Marsabit hadi Loiyangalani, mji ulio kando ya Ziwa Turkana, kwa kukatiza Jangwa la Chalbi. Nilipata picha nyingi nzuri na maneno machache sana, na hayo machache hayakugusa mambo ambayo mama mwenye watoto wawili na baba mzee anataka kuyajua: achukue maji kiasi gani, mafuta yanapatikana wapi kwa uhakika kwa mara ya mwisho, na njia hushikwa vipi mahali pasipo na njia. Nitaandika kwa vipande, na ninawaomba wenyeji wa Kaunti ya Marsabit wanirekebishe pale nitakapokosea.

Tulikuwa watu saba katika magari mawili. Katika gari letu tulikuwamo mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 13, kijana wetu wa miaka 8 na baba yangu mzazi mwenye umri wa miaka 72. Gari la pili lilikuwa la shemeji yangu na mkewe. Mtu wa nane, kijana wa Kigabra (jamii ya wafugaji wa huko) aliyetuongoza njia, tulimpata Marsabit.

Safari yenyewe ilikuwa ya baba yangu, ambaye kuanzia hapa nitamwita Babu kama wanavyomwita wajukuu wake. Tangu 1978 hadi 1994 aliendesha lori kwenda Moyale, akipeleka sukari, unga na saruji, na akirudi na ng'ombe. Alipita Marsabit mara asizoweza kuzihesabu, na kila alipoukaribia mji ule alijua kwamba iko njia ya kushoto inayoteremka jangwani hadi ziwani, lakini kila mara alishika ya Moyale, kwa kuwa mzigo una mwenyewe. Ziwa alilijua kwa masimulizi ya abiria waliopanda juu ya magunia. Tulipokuwa wadogo alikuwa akituambia, "Ziwa liko mkono wa kushoto," na mimi niliamini kwamba hilo ndilo jina lake.

Mgeni wa Tanga

Dada, shukrani kwa kuanzisha uzi huu. Nina maswali mawili. La kwanza, je, gari dogo la kawaida linaweza kufika? La pili, nimeona katika ramani kwamba ipo njia ya kupitia Maralal na Baragoi, na nyingine inayotoka Laisamis. Kwa nini mlichagua ya Chalbi, ambayo wengi wanasema ndiyo ngumu kuliko zote?

Bint Kisauni (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu yangu wa Tanga, gari dogo litafika Marsabit bila shida yoyote, kwa sababu sasa ni lami tupu tangu Mombasa hadi Moyale mpakani na Ethiopia. Kutoka Marsabit kuelekea ziwani usilipeleke. Sisi tulikwenda na magari yaliyoinuka, yanayovuta kwa magurudumu yote manne, kila moja likiwa na spea mbili, na hata hivyo tulisota. Kuhusu njia, hatukuwa na la kuchagua: ya Chalbi ndiyo ile ya mkono wa kushoto.

Sehemu ya Mombasa hadi Nanyuki sitaieleza, kwani wengi mnaijua. Mambo yanaanza baada ya Timau, pale barabara inapouacha ubavu wa Mlima Kenya na kuteremka kuelekea Isiolo. Katika muda usiofika saa moja, watoto walivua masweta, wakafungua vioo, kisha wakavifunga tena kwa sababu hewa ya nje ilikuwa ya moto kuliko ya ndani. Mbele yetu nchi yote ilikuwa imelala kama mkeka, na milima imesimama mmoja mmoja.

Babu aliomba tusimame mwisho wa mji wa Isiolo upande wa kaskazini, mahali palipokuwa na kizuizi cha polisi. Kwa miongo mingi lami ya Kenya iliishia hapo. Kipande cha kutoka Isiolo hadi Moyale, takribani kilomita 500, kilikamilishwa kutiwa lami miaka michache tu kabla ya 2020. Alitueleza kwamba katika miaka yake malori yalikusanyika pale yakasubiriana ili yaende kwa msafara pamoja na askari, kwa kuwapo majambazi njiani, na kwamba mwendo ambao sisi tuliumaliza kwa saa tatu na nusu hadi Marsabit ulimchukua yeye siku nzima akibahatika, na siku mbili au tatu springi ikivunjika. Tanboi wake, yaani msaidizi wake wa lori, alikuwa akilala chini ya lori, na yeye juu ya mzigo. Akaongeza jambo ambalo binti yangu aliliandika katika daftari lake: watu wa kule walikuwa wakimuuliza, akitoka Nairobi, "Habari za Kenya?"

Tulipita Archer's Post na daraja la Ewaso Ng'iro, tukauona mlima wa Ololokwe ulivyokatwa wima kama ukuta wa ngome, kisha Merille, Laisamis na Logologo. Marsabit yenyewe ni mlima wenye msitu, uliozungukwa na ukame pande zote, na asubuhi tuliamka katika ukungu mzito kiasi kwamba kijana wangu aliniuliza kama tumerudi nyuma usiku.

Hapo Marsabit ndipo panapohitaji siku nzima ya matayarisho, na ninawasihi msiifupishe. Tulijaza matangi yote mawili, tukaongeza jerikeni mbili za lita 20 kwa kila gari, kwa sababu huko mbele mafuta huuzwa kwa mapipa na mitungi, leo yapo na kesho hayapo. Tulichukua lita 120 za maji kwa watu wanane, mbali na chupa za mkononi. Tuliuliza hali ya usalama na ya njia katika kituo cha polisi na kwa madereva waliofika siku hiyo kutoka North Horr, na kwa kweli madereva ndio waliotueleza zaidi.

Mwana wa Marsabit

Karibuni nyumbani, na ninamshukuru mwanzilishi wa uzi kwa kuuliza kabla ya kwenda. Hilo swali la "Habari za Kenya" si mzaha. Wazee wetu waliuliza hivyo kwa dhati, kwa kuwa barabara, hospitali na shule za maana walizoziona ziliwataka wavuke kizuizi kile kwanza.

Wasafiri wanaopitia hapa wakikimbilia ziwani, ninawaomba watenge nusu siku kwa Hifadhi ya Taifa ya Marsabit. Ndani yake kuna mashimo makubwa ya volkano, ambayo sisi tunayaita gof, na hapo ndipo alipoishi ndovu Ahmed, aliyekuwa na pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalumu ya kumlinda, na Ahmed akafa 1974 kwa uzee wala si kwa risasi. Sanamu yake imesimama katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na nina hakika wengi wenu mmepiga picha chini yake bila kujua kwamba alikuwa mwenyeji wetu.

Jambo la pili ni kuhusu maji. Wageni wengi huandika kwamba Chalbi ni mahali pasipo na mtu. Ni kweli unaweza kutazama pande zote nne usione nyumba, lakini hakuna kisima huko kisicho na wenyewe. Kwa Waborana kila kisima kina ukoo unaokishikilia na mtu wa kupanga zamu, anayeitwa aba herega, na hata mwenye ngamia mia moja hawezi kuruka zamu yake. Wagabra nao wana utaratibu wao. Kwa hiyo msifike kisimani na kuteremsha ndoo. Simameni mbali, salimuni, ngojeni mkaribishwe. Nani alikuwa mbele ya msafara wenu, dereva au kijana wa njia?

Bint Kisauni (mwanzilishi wa uzi)

Kaka yetu wa Marsabit, ahsante. Swali lako la mwisho limegusa mahali penye jeraha, na nitalijibu kama lilivyo.

Tuliondoka Marsabit saa kumi na moja na nusu alfajiri, kijana wa Kigabra akiwa mbele katika gari la shemeji. Njia inaanza kwa kuteremka katika mawe meusi ya volkano, na mwendo unakuwa wa polepole kwa saa mbili hivi. Kisha mawe yanapungua, ardhi inabadilika rangi kutoka nyeusi kuwa kahawia, kutoka kahawia kuwa kijivu, na unapokaribia Maikona unaona mbele yako weupe unaokwenda hadi mwisho wa macho. Hiyo ndiyo Chalbi. Jina lake katika lugha ya Wagabra, alivyotufafanulia kiongozi wetu, lina maana ya mahali patupu penye chumvi. Zamani za kale, hali ya hewa ilipokuwa na mvua nyingi kuliko sasa, palikuwa ziwa, na mpaka leo mvua kubwa zikinyesha maji husimama na njia hufungwa kwa majuma. Wafugaji huichota ile chumvi kwa ajili ya mifugo yao.

Kijana wangu ndiye aliyeliona kwanza. Alipiga kelele kwamba ziwa lile pale, tena lina visiwa na miti inayoonekana kichwa chini ndani ya maji. Sote tulitazama na sote tuliliona. Mimi mwenyewe, mwanamke mzima aliyesoma ramani wiki tatu, kwa dakika nzima niliamini kwamba ni maji. Babu akasema, "Hayo ni mazigazi." Neno hilo nililisikia mara ya mwisho kwa bibi yangu, na watoto wangu hawakuwahi kulisikia kabisa. Waliniuliza maana yake, na Babu akawaambia walitazame wenyewe, kwa kuwa tulikuwa ndani yake. Kadiri tulivyosogea, maji yalisogea, na ile miti ikageuka kuwa ngamia, ngamia wengi sana, waliokuwa wakitembea kwa mstari na miguu yao haigusi chini.

Hapo ndipo tulipokosea. Kiongozi alikuwa amesema jambo moja tu asubuhi ile, kwamba magurudumu ya gari la nyuma yakanyage pale pale yalipokanyaga ya gari la mbele. Mume wangu alitaka kuwapiga picha wale ngamia jua likiwa nyuma yetu, akatoka kwenye alama za magurudumu kwa umbali usiozidi mita hamsini. Juu pale pakavu, pameganda kama sakafu, na chini yake kuna tope. Ganda likapasuka. Kabla hajabadilisha gia gari lilikuwa limekaa kwa tumbo, na kila alipokanyaga mafuta lilizidi kuzama.

Tulikaa pale saa mbili na dakika arobaini. Jua lilikuwa limekwisha panda na hapakuwa na kivuli isipokuwa cha gari. Niliwaweka watoto chini ya turubai tulilolifunga kati ya milango miwili, nikawapimia maji kwa kikombe, na nakiri kwamba niliogopa, ingawa tulikuwa na magari mawili, maji ya kutosha na mtu anayejua nchi ile. Nilifikiria familia inayokwenda na gari moja. Simu haikuwa na mtandao.

Babu hakumlaumu mkwewe hata kwa neno moja. Alivua viatu, akazunguka gari mara moja, akaagiza wapunguze upepo kwenye magurudumu yote manne hadi yalegee, wachimbe mbele na wala si nyuma, na waweke mabusati ya ndani ya gari pamoja na mbao ya jeki chini ya magurudumu ya mbele. Walipokuwa wakichimba walikuja vijana wawili waliokuwa wakichunga wale ngamia. Hawakuuliza kitu. Walipiga magoti wakachimba kwa mikono. Gari lilipotoka, mume wangu alitoa pesa, wakakataa kwa adabu, na yule mkubwa akamwambia kiongozi wetu jambo fulani. Alikuwa akiomba maji, kama tunayo ya ziada, kwa sababu yao walikuwa wamempa mtoto wa ngamia. Tuliwajazia vibuyu vyao vyote.

Tangu hapo hatukutoka katika alama za kiongozi. Tulipumzika Kalacha, ambako kuna chemchemi na mikoma, na watoto wa pwani walifurahi kuona mti wanaoujua. Usiku tulilala North Horr.

Fundi wa Nanyuki

Dada, pole kwa yaliyowapata. Naomba kuongeza neno la kifundi kwa faida ya wasomaji. Kulegeza upepo kunasaidia kwa kuwa gurudumu linatandazika na uzito wa gari unagawanyika katika eneo kubwa zaidi, lakini ni lazima muwe na pampu ya kurudisha upepo kabla hamjaingia tena kwenye mawe, kwa sababu gurudumu lililolegea juu ya mawe makali hupasuka ubavuni, na pancha ya ubavuni haizibiki. Je, mlikuwa nayo?

Bint Kisauni (mwanzilishi wa uzi)

Tulikuwa nayo, ya kuunganishwa kwenye betri ya gari, na Babu alisimamia urudishaji wa upepo kabla hatujatoka North Horr. Hata hivyo tulipoteza spea moja. Kati ya North Horr na Loiyangalani unapita kwanza mchanga, halafu, unapoanza kuukaribia Mlima Kulal, unaingia katika mawe meusi ya mviringo, mengine makubwa kama tikiti maji, ambayo yametapakaa hadi ziwani kwenyewe. Umbali si mkubwa, lakini ulituchukua saa tano pamoja na kubadilisha gurudumu. Mlima Kulal una kimo cha mita 2,285 na una msitu wa mawingu kileleni, ilhali chini yake hakuna hata kichaka cha kumfunika mbuzi.

Ziwa linatokea ghafla. Unapanda tuta la mawe, na ukifika juu unaona rangi ambayo haifanani na kitu chochote cha nchi uliyoipita tangu jana. Wengine huiita kijani kibichi na wengine samawati. Siku ile ilibadilika mara tatu kabla ya magharibi, kwa sababu inatokana na viumbe vidogo vya majini na jinsi upepo unavyovikoroga.

Nitaeleza kidogo kuhusu ziwa lenyewe, kwa kuwa watoto waliuliza na ilinibidi nijifunze. Ndilo ziwa kubwa la kudumu kuliko yote duniani yaliyomo jangwani, lenye urefu unaokaribia kilomita 290. Kiasi cha asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na hakuna mto unaotoka. Maji hupungua kwa kukauka tu, na ndiyo sababu yana magadi. Miaka elfu kadhaa iliyopita kimo chake kilikuwa juu zaidi kwa mita 80 na zaidi, na yalimwagikia upande wa Mto Naili. Kwa hiyo mamba wa Naili na sangara waliomo ziwani si wageni, bali ni mabaki ya undugu ule. Hifadhi zake tatu, yaani Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini, ziko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na tangu 2018 ziko katika orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa ajili ya mabwawa yaliyojengwa kwenye Omo.

Tulikaa Loiyangalani siku tatu. Mji huu una chemchemi na mikoma, na jina lake kwa Kisamburu linahusu miti mingi, jambo ambalo huwezi kuliamini mpaka uwe umetoka jangwani. Jangwa lile linaonekana limewatenganisha watu, lakini pale kandokando ya maji wanakutana Waturkana, Wasamburu, Warendile, Wagabra na Waelmolo. Makumbusho ya Jangwani yaliyofunguliwa 2008 yako juu ya kilima, nje kidogo ya mji.

Waelmolo ndio walionigusa zaidi. Ni miongoni mwa jamii ndogo kuliko zote nchini Kenya, wavuvi tangu asili, na lugha yao ya zamani karibu yote imepotea, sasa wanazungumza Kisamburu. Vijiji vyao ni Layeni na Komote. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda, na Komote, iliyokuwa imeungana na nchi kavu, imezungukwa na maji. Mama mmoja mzee alituonyesha kwa kidole mahali yalipo makaburi ya wazazi wake, na tulichokiona ni mawimbi. Katika nchi ambayo wafugaji wake wanazika ngamia kwa ukame, kuna watu wanaohamishwa na maji, na mambo hayo mawili yanatendeka katika kaunti moja.

Nakhoda wa Pangani

Mwanzilishi wa uzi, nimesoma kila kipande kwa makini. Naomba kuleta habari inayotuhusu sisi watu wa pwani moja kwa moja. Katika vitabu vya shule tunaambiwa kwamba Teleki na von Höhnel, watu wa Austria na Hungaria, "waligundua" ziwa hilo Machi 1888 na kuliita Rudolf kwa jina la mwana wa mfalme wao. Jina hilo lilidumu hadi 1975 lilipobadilishwa kuwa Turkana. Jambo lisilosemwa kwa sauti ni kwamba msafara ule ulianzia hapa kwetu Pangani mwaka 1887, na kwamba waliobeba mizigo yake walikuwa wapagazi wa Unguja na wa mrima. Pamoja nao alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa hapa Pangani, ambaye alikuwa ameijua njia ya Baringo kabla Teleki hajaja. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa, kiu na maradhi, na majina yao hayamo katika ramani yoyote. Wenyeji walikuwa na majina yao wakati wote: Wasamburu waliliita Basso Narok, ziwa jeusi. Kwa hiyo Babu si mtu wa kwanza wa pwani kulifuata ziwa lile, na nadhani angependa kulijua hilo.

Bint Kisauni (mwanzilishi wa uzi)

Nakhoda, nimemsomea Babu maneno yako kwa simu jana usiku. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza wapagazi walibeba ratili ngapi kila mmoja. Kama unajua, tafadhali utuandikie.

Nimalizie upande wa kurudi. Hatukurudia Chalbi. Tulishika ya kusini, tukapita Sarima, ambako imejengwa mitambo 365 ya umeme wa upepo yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi Julai 2019. Usiku wa kwanza Loiyangalani upepo ulituamsha sote, tukashikilia turubai kwa mikono, na asubuhi wenyeji wakatuambia kwamba ule ulikuwa mdogo. Pale nchi imekaa kama mfereji kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, na upepo wa kusini-mashariki ukiingia katika mfereji huo unabanwa na kuongeza kasi. Tulipita chini ya mitambo ile jioni, nasi tukaona manyatta kandokando yake ambayo taa yake ni moto wa kuni.

Mwana wa Marsabit

Umeona sawasawa, dada. Umeme ule unasafirishwa kwa nyaya hadi Suswa, umbali wa zaidi ya kilomita 400, na unapita juu ya vichwa vyetu. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ile zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria. Barabara ya Laisamis hadi Sarima ilitengenezwa kwa ajili ya mitambo, na hiyo inatusaidia, nasi hatuikani. Tunachotaka ni kuulizwa, kama vile nilivyowaomba msimame mbali na kisima mngoje kukaribishwa. Je, mlifanya hivyo?

Bint Kisauni (mwanzilishi wa uzi)

Tulifanya hivyo Kalacha, kwa kuongozwa na kijana wetu. Tulingoja kama nusu saa. Kisha mzee mmoja akaja, akawapa watoto mikono kwanza, na wakubwa baadaye.

Mgeni wa Tanga

Dada, uzi umenikaa moyoni na safari nimeshaipangia Januari, kwa gari la kukodi linalofaa na pamoja na familia ya ndugu yangu, ili tuwe magari mawili. Lakini kuna kitu ulichokiruka. Ulituambia Babu alilisubiri ziwa hilo tangu 1978, kisha ulipofika ziwani ukatueleza rangi na samaki na UNESCO. Alisema nini alipoliona?

Bint Kisauni (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu yangu, sikuliruka kwa kusahau.

Tulipofika juu ya lile tuta, mume wangu alizima gari, na sote tulimgeukia Babu. Alifungua mlango, akashuka taratibu kwa sababu ya goti lake, lakini hakutazama ziwani. Alianza na gurudumu la mbele la kulia, akaligusa rimu kwa mgongo wa kiganja, kama alivyokuwa akifanya kila alipofikisha mzigo, ili ajue kama bereng'i zimepata moto. Akazunguka hadi la nne. Halafu akaenda kwa gari la shemeji akafanya vilevile, naye kijana wangu akimfuata nyuma na kugusa kila alipogusa yeye.

Alipomaliza ndipo alipoteremka hadi majini, peke yake, akiwa ameshika viatu mkononi. Upepo ulikuwa mkali na kanzu yake ilikuwa ikimpiga miguuni. Aliinama, akanawa uso, akateka kidogo kwa kiganja akayaonja, kisha akatema. Tulimngoja kule juu. Aliporudi alisema, "Yana magadi. Binti yangu, nitilie chai kwa maji ya Marsabit."

Nikamtilia.